Dkt. Matthew Lukwiya wa Lacor, Gulu: ilikuwaje alfajiri ile aingie wodini bila kinga ya macho?

#1 Mtani wa Ziwa
Wakuu, habari. Kila ikikaribia tarehe 5 Desemba huwa namkumbuka Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya St. Mary's Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, aliyefariki kwa ebola mwaka 2000. Wadogo zetu wengi hawamjui, kwa hiyo nitaeleza kidogo halafu niulize kinachonikaa rohoni.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala, anasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii pale Makerere. Jumamosi ya tarehe 7 akapigiwa simu kutoka Lacor: kuna ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wa uuguzi wamekufa. Akarudi. Usiku akakaa na mafaili ya wagonjwa, akakuta vifo vingine vyenye dalili zilezile. Kulipokucha alikuwa ameshashuku homa ya kutoa damu. Hakusubiri barua ipite meza kwa meza, alipiga simu wizarani moja kwa moja. Sampuli zikaenda Afrika Kusini, na majibu ya ebola yalipotoka katikati ya mwezi, Lacor walikuwa wameshafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa.

Sasa swali langu. Mtu huyo ndiye aliyesimamia wenzake wavae gauni, barakoa, aproni, glavu jozi mbili, gambuti na kinga ya macho. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba akaitwa wodini. Muuguzi mwenzao, Simon Ajok, alikuwa amezidiwa, anakohoa damu. Matthew akaingia amevaa vyote isipokuwa kinga ya macho. Tarehe 26 homa ikaanza. Tarehe 5 Desemba, usiku wa manane, akafariki akiwa na miaka 42.

Ilikuwaje? Naombeni mwenye kujua anieleze.

#2 Bahari Kuu
Nimekaa mkao wa kusoma. Mimi wa Mombasa, huyu daktari nilimsikia kwa baba yangu, alikuwa fundi wa eksirei.

#3 Hesabu Kali
Mleta uzi, marekebisho kidogo. Alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957, kwao Kitgum. Kwa hiyo alifariki akiwa na miaka 43, aliitimiza siku mbili tu kabla ya homa kumwanza.

#4 Mtani wa Ziwa
@Hesabu Kali umenifundisha. Siku mbili kabla! Hilo sikuwahi kulipigia hesabu.

#5 Dada Zamu
Mimi ni nesi, mwaka wa 19 huu kazini, nimefanya wodi za kutengwa wakati wa korona. Swali lako nina jibu langu.

Miwani ile inashika ukungu. Ukiwa umefunga barakoa vizuri, pumzi yako inapanda juu, na baada ya dakika kumi huoni mshipa, huoni sindano, huoni hata uso wa mgonjwa. Unageuka kipofu katikati ya damu. Mwenzangu mmoja aliwahi kujichoma sindano kwa sababu hiyohiyo, amevaa kila kitu alichoambiwa avae, na ndicho kilichomponza. Sisemi Matthew aliivua kwa makusudi. Nasema anayeuliza "kwa nini hakuvaa" mara nyingi hajawahi kuvaa.

Halafu mtazame ni saa ngapi. Alfajiri. Manesi wa zamu wanakuita, mgonjwa anasongwa na damu yake mwenyewe, anahangaika, na ni mtu mnayemjua kwa jina, juzi mlikuwa naye zamu moja. Hapo mkono unachukua kilicho karibu.

#6 Nyuki wa Sengerema
@Dada Zamu umenena. Ila mimi nasema ni uchovu. Hesabuni kuanzia Oktoba 7 hadi Novemba 20. Wiki sita na zaidi bila kupumzika, kila siku unazika watu. Dereva wa lori akisinzia tunasema alichoka, daktari akikosea tunatafuta sababu ya ajabu.

#7 Kalamu ya Risasi
Jamani, mimi niliambiwa aliambukizwa ileile siku ya kwanza aliporudi kutoka Kampala, maana alikagua wagonjwa kabla ugonjwa haujajulikana. Hilo la miwani ni hadithi za watu tu.

#8 Dada Zamu
@Kalamu ya Risasi haiwezekani, mdogo wangu. Ebola ikishaingia mwilini dalili zinatokea kati ya siku 2 na 21. Kutoka Oktoba 7 au 8 hadi Novemba 26 ni siku karibu 50. Lakini hesabu hiyohiyo inanizuia na mimi kusema kwa uhakika kwamba ilikuwa ni alfajiri ya tarehe 20. Ukirudi nyuma siku 21 kutoka Novemba 26 unafika Novemba 5. Katikati hapo aligusa wagonjwa wangapi? Wenzake waliona alfajiri ile ndiyo yenye sura ya kuambukiza, na siku sita zinaingia vizuri kabisa kwenye hesabu. Ila ushahidi wa moja kwa moja hakuna.

#9 Hesabu Kali
Naunga mkono #8.

#10 Mwana wa Lacor
Nimesoma uzi huu kimya, nikaona niseme. Mimi ni Mwacholi, naishi Arusha kwa kazi, Kiswahili nimejifunzia huku, mnivumilie.

Nilikuwa mtoto wakati ule. Vita vya waasi vilikuwa vinatutesa, kwa hiyo jioni mama alitubeba na mikeka tukaenda kulala ndani ya ua wa hospitali. Hatukuwa peke yetu, maelfu ya watu walilala pale. Mlango ulifunguliwa kwa kila mtu, na aliyesimamia uwe wazi alikuwa Dkt. Matthew. Mimi nilimwona kwa mbali tu, mtu mwembamba, anatembea haraka. Mama akasema, "Huyo ndiye." Hakuongeza neno, na sisi hatukuuliza.

Mnapouliza kuhusu miwani, mimi nawakumbusha Ijumaa Kuu ya mwaka 1989. Waasi waliingia hospitalini kutaka kuwachukua masista. Matthew akawaambia wamchukue yeye. Alikaa nao msituni kama wiki moja na koti lake la udaktari, anawatibu majeruhi wao, ndipo akarudi. Mtu aliyekwisha kufanya hivyo hasimami mlangoni kupima nani ataingia. Kwangu hilo ndilo jibu.

#11 Bahari Kuu
@Mwana wa Lacor pole sana ndugu yangu, na asante. Kiswahili chako kizuri kuliko cha watu fulani humu (simtaji Kalamu ya Risasi).

#12 Kalamu ya Risasi
@Bahari Kuu nimekusikia. Nimekubali yaishe hapo kwa #8. Lakini @Mwana wa Lacor, sikubaliani na wewe kidogo. Ukisema alijitoa tu, unamfanya kama hakujali maisha yake. Huyu alikuwa na mke na watoto watano. Alikwenda Liverpool mwaka 1990 kusomea magonjwa ya watoto ya nchi za joto, akafaulu kwa alama za juu mno, wakamtaka abaki afundishe, akarudi Gulu. Huyo ni mtu anayechagua kwa akili. Kwenda msituni 1989 ulikuwa uamuzi, aliupima. Kuingia bila kinga ya macho si uamuzi, ni bahati mbaya.

#13 Mwana wa Lacor
@Kalamu ya Risasi sijasema hakujali. Kujali watoto wake na kujali Ajok vilikuwa ndani ya mtu mmoja.

#14 Mama Kibanda
Hapo #13 nimelia, sifichi.

#15 Mzee Pima
Vijana, salaam. Nisaidie jambo moja, maana naona mnamzungumzia kama aliota peke yake pale. Lacor ilianza mwaka 1959 kama hospitali ndogo ya misheni ya Kikatoliki, na mwaka 1961 akaja daktari Mwitaliano, Piero Corti, na mwenzake Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada, wakaoana hukohuko. Lucille alipasua watu kwa maelfu, wengi wao majeruhi wa vita, na katika upasuaji huo akajikata, akapata virusi vya ukimwi. Aligundulika mwaka 1985 na aliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki Agosti 1996.

Matthew alifika pale mwaka 1983 kwa mafunzo ya vitendo, kijana aliyetoka Makerere. Mama yake alikuwa mchuuzi, alimsomesha kwa taabu, na mtoto akawa anashinda ufadhili darasa hadi darasa. Corti na mkewe hawakukawia kumwona kuwa ndiye atakayewarithi. Tena Matthew alikuwa Mprotestanti katika hospitali ya Kikatoliki, wala hilo halikuwa tatizo.

Kwa hiyo mimi nasema, alilelewa kitaaluma na mtu aliyejikata kazini akaambukizwa na bado akarudi chumba cha upasuaji. Ukilelewa hivyo unajifunza mambo mengi mazuri, lakini huenda pia unajifunza kuzoea hatari. Alizikwa pembeni ya kaburi la Lucille, palepale hospitalini, siku ileile aliyofariki.

#16 Nyuki wa Sengerema
@Mzee Pima hili la "kuzoea hatari" limenigusa. Nimefanya kazi machimboni, nalijua. Mgeni anavaa kofia ngumu, mwenyeji anaiweka begani.

#17 Dada Zamu
@Mzee Pima shikamoo. Kwa heshima yote, hapo sikubali. Wodi ile ilikuwa na utaratibu mkali kwa sababu yake. Aliyezoea hatari hasimamishi wodi ya kutengwa kabla majibu ya maabara hayajatoka.

#18 Mzee Pima
Marahaba mwanangu. Unayosema ni kweli. Lakini mtu anaweza kuwa mkali kwa wenzake kuliko kwa nafsi yake. Hilo nimeliona kwa madaktari wengi wema.

#19 Mtoto wa Butembo
Mimi niko Kongo, Butembo. Ile ebola yetu ya 2018 mpaka 2020 ilichukua watu zaidi ya elfu mbili. Sisi tulikuwa na chanjo, Matthew na wenzake hawakuwa nayo. Kwetu shida ilikuwa watu kutoamini. Munganga (daktari) mmoja Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi hapa Butembo tarehe 19 Aprili 2019, alikuwa ndani ya hospitali, kazini. Kwa hiyo nikisoma kwamba watu wa Gulu walimpenda munganga wao mpaka wakamsikiliza, naona ni neema kubwa. Je, watu wa Gulu walikubali tu? Hakukuwa na uvumi?

#20 Mwana wa Lacor
@Mtoto wa Butembo uvumi ulikuwepo, na hofu kubwa. Waliopona walirudi nyumbani wakakuta nguo zao zimechomwa, watu hawataki kuwasogelea.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Sisi Waacholi tuna neno *gemo*. Ni ugonjwa unaokuja ghafla kama upepo na kubeba watu wengi. Wazee wana taratibu zake toka zamani: mgonjwa anawekwa nyumba ya peke yake mbali na wengine, anahudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona, nje ya nyumba zinasimamishwa nguzo za matete ili mpita njia ajue, ngoma zinasitishwa, na aliyepona anakaa kando mwezi mzima kabla ya kuchangamana. Angalieni wenyewe, tofauti na aliyoyasema daktari iko wapi? Wazee walipotamka kwamba hii ni gemo, watu wengi walielewa la kufanya. Kilichokuwa kigumu ni mazishi. Kwetu maiti huoshwa na shangazi upande wa baba, na hapo ndipo wengi walipoambukizwa.

Matthew naye hakuoshwa na mtu wa kwao. Alizikwa na timu iliyovaa mavazi ya kinga, jeneza likanyunyiziwa dawa ya klorini. Mke wake alisimama mbali. Kwa Mwacholi hilo ni zito, nashindwa hata kulieleza kwa Kiswahili.

#21 Bahari Kuu
Hata kwa Mswahili ni zito. Maiti ya mtu mwema kukosa mikono ya nduguze.

#22 Simba Mstaafu
Serikali iliwatelekeza hao, ndiyo sababu alikufa. Vifaa vingekuwepo asingekufa. Ebola yenyewe ililetwa na wanajeshi wa Uganda kutoka Kongo, kila mtu anajua.

#23 Hesabu Kali
@Simba Mstaafu taratibu mkuu, umeweka mambo mawili hapo.

Kwanza, msaada ulikuja. Wizara ilituma watu, Shirika la Afya Duniani likaja, na wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wakafunga maabara ndani ya Lacor yenyewe. Huwezi kusema walitelekezwa. Kwamba mwanzoni wahudumu waliambukizwa kabla ya vifaa na mafunzo kukamilika, hilo sawa.

Pili, virusi vya Gulu vilikuwa aina ya Sudan, ile iliyoonekana Nzara, kusini mwa Sudan, mwaka 1976. Milipuko ya Kongo iliyojulikana mpaka wakati ule ilikuwa ya aina ya Zaire. Kwa hiyo hoja ya wanajeshi kuileta kutoka Kongo inapwaya.

#24 Simba Mstaafu
Sawa, basi waasi waliileta kutoka Sudan Kusini, si walikuwa na kambi huko?

#25 Hesabu Kali
Wengi wanadhani hivyo, lakini haijathibitishwa na mtu yeyote. Tusibebeshe watu.

#26 Mama Kibanda
Jamani, turudi kwa daktari. Mimi sina elimu ya virusi, nauza chakula. Wilayani kwetu miaka ya tisini kulikuwa na daktari mmoja, simtaji jina kwa kuwa familia yake ipo. Usiku ukimgongea anatoka na kandambili, shati halijafungwa vifungo, anakimbia. Mke wake alikuwa anamfuata nyuma na viatu mkononi, kila mara. "Baba fulani, viatu!" Mtaa mzima tulikuwa tunacheka. Alimzalisha dada yangu akiwa na hizo kandambili.

Nimesoma habari ya miwani nikavikumbuka vile viatu. Labda Matthew usiku ule hakuwa na mtu wa kumfuata nyuma na miwani.

#27 Dada Zamu
@Mama Kibanda dada yangu, umesema bila kujua jambo kubwa mno. Siku hizi ndivyo tunavyofanya. Kwenye wodi ya ebola huingii peke yako, na kuna mtu kazi yake ni kusimama mlangoni, anakukagua kuanzia kichwani hadi gambuti, na akikuta kimoja kimepungua hakuachi upite, hata uwe profesa. Ndiye huyo mke mwenye viatu.

#28 Mtani wa Ziwa
Hili la #26 na #27 sikulitegemea kabisa. Shukrani.

#29 Kalamu ya Risasi
Mwaka 2022 ebola ya aina ileile ya Sudan ilirudi Uganda, upande wa Mubende. Daktari wa kwanza kufariki alikuwa Mtanzania, Dkt. Mohammed Ali, miaka 37, alikuwa akisomea upasuaji huko. Alifariki Fort Portal tarehe 1 Oktoba. Ni miaka 22 baada ya Matthew, na chanjo iliyotumika Kongo haifanyi kazi kwa aina hii. Ninyi mnaotafuta kosa la Matthew, huyu naye mtasemaje?

#30 Nyuki wa Sengerema
Innalillahi. Huyu nilisikia habari yake siku mbili tu kisha kimya. Anastahili uzi wake.

#31 Simba Mstaafu
Afungue Kalamu ya Risasi, nitachangia. Na niseme wazi, nilikosea pale #22, nilikuwa na hasira. Mdogo wangu alikuwa mhudumu wa maabara, alikufa kwa ini baada ya kuchomwa na sindano kazini, hospitali ambayo glavu zilikuwa zinahesabiwa kama sukari ya mfungo. Nikisoma habari hizi naona sura yake.

#32 Dada Zamu
@Simba Mstaafu pole mno kaka. Mungu amrehemu.

#33 Mzee Pima
Pole mwanangu.

#34 Bahari Kuu
Nina swali kwa wajuao. Baba alikuwa akisema manesi wa Lacor waligoma, wakataka kuondoka wote. Ni kweli?

#35 Hesabu Kali
Kweli. Mwishoni mwa Novemba, baada ya wenzao watatu kufariki katika siku moja, wahudumu mia kadhaa walikusanyika, wamechoka na wana hofu. Matthew akaenda kuzungumza nao, mazungumzo marefu, wakabaki kazini. Angalia tarehe: siku zilezile virusi vilikuwa vimeshaingia mwilini mwake naye hajui.

#36 Mtani wa Ziwa
Nilikuwa sijayaweka haya mawili pamoja.

#37 Bahari Kuu
Na baada ya yeye kufa ugonjwa ukaisha? Baba alisema aliomba awe wa mwisho.

#38 Hesabu Kali
Dua hiyo inasimuliwa na waliomuuguza. Ugonjwa wenyewe uliendelea hadi mwaka uliofuata, Uganda ikatangazwa salama tarehe 27 Februari 2001. Jumla wagonjwa 425, waliofariki 224, wakiwemo wa Masindi na Mbarara. Zaidi kidogo ya nusu. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko yote iliyojulikana mpaka wakati huo.

#39 Nyuki wa Sengerema
Kwa hiyo karibu watu 200 walipona. Kwa mji mdogo wenye vita, bila chanjo wala dawa.

#40 Kalamu ya Risasi
Gulu si mji mdogo, mkuu. Ni jiji tangu Julai 2020.

#41 Mwana wa Lacor
@Kalamu ya Risasi ni jiji, ndiyo, lakini bado tunajuana 😊

Wakuu, nimempigia mama jana usiku kwa sababu ya uzi huu. Nikamuuliza hilo la miwani. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na huyo kijana Ajok, watu wenu wanamtaja?" Nikamwambia ametajwa. Akasema basi vizuri, akahamia habari za mtama.

#42 Dada Zamu
Simon Ajok. Muuguzi. Nami namwandika hapa.

#43 Mtani wa Ziwa
@Mwana wa Lacor msalimie sana mama. Desemba nikipata ruhusa kazini nitapanda basi la Kampala, kisha Gulu. Nielekeze: kutoka kituo cha mabasi cha Gulu hadi Lacor ni bodaboda au nitembee?

#44 Mwana wa Lacor
Ni kama kilomita sita upande wa magharibi. Panda boda, mwambie "Lacor". Ukifika getini waombe walinzi wakuonyeshe makaburi. Na ukienda kweli, mama atataka ule kwake kwanza.